Mikebe ya Lanchi: Cowboy Wao na Cowboy Wetu

Kuna msee wa Nairobi ameniandikia inboksi akitaka kununua mkebe wa nyanya yangu. Elfu nane. Ni mkebe wa bati, wa mafuta ya kupika, lita nne, umeliwa na kutu upande mmoja na hauna kifuniko. Nilisoma ile meseji mara tatu nikidhani ameongeza sufuri kimakosa. Kumbe hafanyi mchezo.

Aliuona kwa video yangu ya rafu. Kama umenifuata kitambo unajua huu ugonjwa wangu: nakusanya mikebe ya lanchi ya zamani, ile yenye katuni na wahusika. Niko nayo 12, hapa Wabera, Isiolo, kwa chumba ambacho mamangu anakiita stoo ya takataka. Kuna mmoja wa chuma wa Mickey Mouse niliotoa kwa duka la vitu vya ex-UK, rangi imebabuka lakini masikio bado yako. Kuna Ben 10 wa plastiki ambao nitawaambia habari yake. Halafu kuna Kimbo, Cowboy, Kasuku, na huo wa nyanya, ambao kwa video niliuweka mwisho kabisa kama utani. Sasa utani ndio umepata mteja. Mickey Mouse hakuna aliyemuuliza.

Hiyo ndiyo imenifanya nianze kufikiria upya hii kitu yote. Ngoja niwapeleke nyuma kidogo.

Wamarekani ndio walifanya mkebe wa lanchi uwe kitu cha kukusanya. Mwaka wa 1935 kampuni ya Geuder, Paeschke & Frey, ya Milwaukee, ilitoa mkebe wenye picha ya Mickey Mouse, na wakusanyaji wengi huanza hesabu yao hapo. Lakini moto wenyewe uliwashwa 1950. Kampuni ya Aladdin, ya Nashville, ilikuwa na shida ambayo kila mwenye biashara anaijua: mikebe yao ilikuwa imara sana. Mtoto akinunuliwa mmoja, anautumia mpaka anamaliza shule. Utamuuzia nini tena? Basi wakachukua mkebe wa kawaida kabisa, mwekundu ama wa bluu, wakaubandika picha ya Hopalong Cassidy, cowboy aliyekuwa anatamba kwa televisheni. Hawakubadilisha mkebe. Walibandika karatasi tu! Mwaka wa kwanza wakauza 600,000.

Fikiria hapo kidogo. Mkebe wa mtoto haukuwa umeharibika. Kilichoharibika ni yule mtu aliye juu yake. Mwaka ujao kuna shujaa mpya kwa TV, na mtoto anaona aibu kuja shule na wa mwaka jana. Mwaka wa 1953 kampuni ya American Thermos ikajibu na cowboy mwingine, Roy Rogers, na safari hii picha haikubandikwa: ilichapwa kwenye bati lenyewe, pande zote, kabla bati halijakunjwa. Superman akaja 1954. Mwaka wa 1961 Aladdin wakatoa ule wa Disney, umeundwa kama basi la shule la manjano, wahusika wote wanachungulia kwa madirisha, na huo ukauzwa kwa mamilioni. Mikebe ya chuma iliendelea mpaka 1985, ambapo wa mwisho wa enzi hiyo, ndio wanavyosema wakusanyaji, ulikuwa wa Rambo. Baada ya hapo plastiki ikatawala.

Leo mikebe hiyo iko hadi Smithsonian, yaani makumbusho ya taifa, karibu na vitu vya marais. Ule wa Superman wa 1954 ukiwa safi unauzwa maelfu ya dola. Na hapa kuna sheria moja ya wakusanyaji ambayo mimi iliniuma nilipoijua: bei inapanda kama mkebe haukutumika. Usiwe na mkwaruzo, usiwe na jina la mtoto chini, usinuke chakula. Yaani mkebe bora wa lanchi ni ule ambao hakuna mtoto aliwahi kula ndani yake.

Kwa sheria hiyo, rafu yangu yote ni takataka. Mamangu yuko sawa.

Sasa turudi nyumbani. Wakati Hopalong Cassidy anauza mikebe Marekani, huku hakukuwa na TV ya kumuonyesha. Televisheni ilianza Kenya 1962, na hata hapo ilikuwa mambo ya Nairobi. Katuni tulikuwa nazo kwa gazeti, Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha watu kwa miongo na miongo, lakini sijawahi kuona Juha Kalulu kwa mkebe wa lanchi. Nimemtafuta. Mtoto wa Kenya aliyetaka picha kwa mkebe wake aliipata kwa njia moja tu: jikoni, mafuta yakiisha.

Na mafuta yalikuwa na wahusika wake. Kulikuwa na Cowboy. Naapa, ukiniuliza kwa nini mafuta ya kupika ya Kenya yalipewa jina la mchunga ng'ombe wa Texas, sina jibu, ila hapa Isiolo ambapo kila mtu anajua mchunga ng'ombe anafanana vipi, yule jamaa wa kofia alikuwa katuni tosha. Cowboy na Kimbo zilikuwa za East Africa Industries, ndio baadaye wakaitwa Unilever Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikauziwa Bidco. Halafu kuna Kasuku ya Kapa, na ndege wake. Wazazi wetu wengi walibeba githeri kwa Kimbo ama Cowboy. Sisi tukabeba kwa Kasuku ya plastiki, ile ndogo, na mpaka leo ukisema "kakasuku" hakuna mtu anafikiria ndege. Wale wa mkebe mkubwa wa kilo mbili wanaujua kwa jina lingine, gorogoro, na mama wa soko anakupimia mahindi nayo hadi leo.

Kwa hivyo sisi pia tulikuwa na cowboy wetu. Tofauti ni kwamba cowboy wao alibandikwa ili mtoto aombe mkebe mwingine. Wetu alikuja na mafuta, na mafuta yakiisha alianza maisha ya pili, ya tatu na ya nne. Ndio maana ni ngumu sana kuipata ya zamani. Watu hawaamini nikisema Mickey Mouse ni rahisi kupata hapa kuliko Cowboy wa bati. Lakini hesabu mwenyewe: ule mkebe ulikuwa lanchi, halafu ukawa wa kuchotea maji, ukatobolewa na msumari ukawa mbuzi ya kukwaruza, ukakatwa ukawa koroboi, mabaki yakawa magurudumu ya gari la mtoto. Hakuna kilichobaki cha kukusanya. Wa kwangu niliutoa kwa fundi wa bati akiwa tayari ameshika mkasi. Aliniuliza nautakia nini, nikamwambia kuuangalia. Aliniongezea bei papo hapo.

Nilisema nitawaambia kuhusu Ben 10. Nilikuwa darasa la tatu. Shule yetu, na sitaitaja, ilikuwa na chakula cha mchana, mahindi na maharagwe kutoka sufuria moja kubwa. Huo mpango una historia ndefu: WFP walianza kulisha shule za maeneo kame ya Kenya 1980, serikali ikaanzisha wake 2009, na 2018 WFP wakamaliza kukabidhi kila kitu. Mnachotakiwa kuleta ni sahani na kikombe, basi. Chakula kikiwa kimoja, watoto wanapigania chombo. Kuna wale walikuja na mikebe ya katuni kutoka stoo za mjini, Ben 10, Spider-Man, yenye kufungwa kwa klipu, na hawakupanga foleni, walikula wali wa nyumbani chini ya mti. Mimi nilikuwa na sahani ya bati na kakasuku. Nilijifunza kukaa nikifunika yule ndege na mkono. Sijui nilidhani nani haoni.

Term iliyofuata nililia mpaka nikanunuliwa Ben 10. Klipu ilivunjika wiki ya pili. Na ndani niliwekewa nini? Githeri ya foleni ile ile, nilienda kupakuliwa nayo. Mpishi alicheka. Huo mkebe bado niko nao, klipu haiko, na kila nikisoma habari ya Aladdin na kile kibandiko chao cha 1950 naujua huo ujanja, juu mimi nilishikwa nao miaka 60 baadaye.

Sasa mkebe wa akko. Akko ni nyanya kwa Kiborana, kwa wale hamjui, na akko wangu amekaa Wabera tangu kabla mamangu azaliwe, lakini alilelewa chini huko kwa mto, upande wa Merti.

Hili jina Wabera watu wanalipita tu, kuna hadi street Nairobi katikati ya mji na wasee wanatembea hapo bila kuuliza. Daudi Dabasso Wabera alikuwa DC wa kwanza Mwafrika wa Isiolo. Aliuawa Juni 1963 pamoja na Haji Galma Dido, miezi michache kabla ya uhuru, wakati huku kaskazini watu walikuwa wanavutana kama watajiunga na Somalia ama watabaki Kenya. Desemba mwaka huo huo serikali mpya ikatangaza hali ya hatari kaskazini, na ikaja ile vita ya Shifta, mpaka 1967. Waborana wa hapa wana jina lao la huo wakati: gaf daba. Wakati wa kusimamishwa. Watu waliwekwa kwa kambi, Garba Tulla, Merti, huwezi kutoka na mifugo kutafuta malisho bila ruhusa, na ng'ombe na ngamia waliisha, wengine kwa njaa wakiwa wamefungiwa, wengine kwa risasi.

Akko alikuwa mtoto. Kabla ya daba, anasema, chombo cha chakula cha mtoto anayeenda kuchunga kilikuwa cha maziwa, kile cha kusukwa na nyuzi za mizizi, kinafukizwa na moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike. Kilitengenezwa na mwanamke wa nyumba yenu, na ukikiona kutoka mbali unajua ni cha nyumba gani. Wakati mifugo iliisha, hakukuwa na maziwa ya kuweka ndani. Mtu alianza kubeba bati kwenda foleni.

Yaani 1961 mtoto wa Marekani ananunuliwa basi la Disney. Miaka michache baadaye mtoto wa Merti anashika mkebe wa kwanza wenye picha maishani mwake, na ni wa msaada. Hii sehemu sikuipata darasani. Nilisoma historia chuo mwaka mmoja na nusu kabla niachie hapo, na daba ilipata nusu ukurasa. Mikebe haikupata hata mstari.

Ule ninaouzungumzia si wa daba lakini, ni wa ukame wa 1984. Kila mtu aliyekulia kaskazini anaujua: mkebe wa mraba, mafuta kutoka Marekani, na picha ya mikono miwili imeshikana kwenye ngao. Umeona nyumba ngapi Isiolo milango yake ilikuwa ile mikono? Fundi anaikunjua, anaipigilia kwa mbao, unapata mlango wenye mikono kumi na sita inakusalimia. Ile alama imetembea na misaada ya Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Kazi yake ilikuwa anayekula ajue nani amemlisha. Hopalong na mikono, wote wa enzi moja, wote ni picha juu ya chombo cha chakula, na wote walikuwa wanataka kitu kutoka kwa anayekula. Mmoja alitaka pesa ya mamako. Mwingine alitaka ukumbuke.

Akko alipeleka wake kwa fundi. Akautoa juu, akakunja ukingo usikate mtu, akaweka mkono wa waya. Kila siku saa saba alipeleka uji shuleni ndani yake, wa watoto watatu, mamangu na wajomba wangu wawili. Walikuwa wanakunywa kwa zamu na kikombe kimoja. Nilimuuliza mamangu kama aliona aibu, akaniangalia kama mtu mjinga. Aibu ya nini, kila mtu alikuwa na ile mikono. Halafu akacheka, akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: ile mikono walikuwa wameipa watu. Mmoja ulikuwa wa chifu na mwingine wa mzungu. Kila lanchi walibishana hao wawili wanaambiana nini. Mjomba mkubwa alikuwa chifu, anaongea kwa sauti nzito akimwambia mzungu alete sukari, mafuta ameshachoka nayo. Hadithi iliendelea kesho yake pale ilipoishia.

Hiyo ni katuni, jameni. Hakuna TV, hakuna studio, watoto watatu na uji, na wana kipindi chao cha kila siku. Aladdin wangelipa pesa nyingi kupata hiyo.

Na itazidi kuwa adimu. Julai 2025 Marekani walifunga rasmi USAID. Kile chakula kwingine kimekatwa kabisa, na hiyo si habari ya mikebe, ni habari ya watu kulala njaa, sitaki mtu aniambie nafurahia. Lakini ndio sababu msee wa Nairobi ametokea na elfu nane. Amehesabu. Ile mikono imefika mwaka wake wa 1985, kama Rambo, na yeye anataka kuwa wa kwanza kwa mlango.

Mimi nilikuwa nimeamua siuzi. Nilikuwa hata nimeandika jibu refu lenye heshima kuhusu urithi na kumbukumbu. Nikaona kwanza nimuulize mwenye mkebe, juu wangu si wangu, nimeuazima tu kwa rafu. Akko anauwekea shanga na stakabadhi zake, na ameniuliza mara kadhaa nitaurudisha lini.

Nilimwambia kuna mtu anataka kuununua. Akauliza pesa ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza, akapangusa miwani, akauliza tena.

Nikamweleza kwamba haiwezekani, hata kwa mkebe wenyewe imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hii kitu isiuzwe wala isibadilishwe na kitu kingine. Nilimwonyesha na kidole, pale chini ya mikono, herufi bado zinasomeka. Amekaa na huo mkebe miaka 40 na hakuna mtu aliyewahi kumsomea.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Hivyo ndivyo wamesema? Mafuta yenyewe niliuza nusu siku ile ile. Nikanunua majani na sukari. Watoto watakunywaje uji bila sukari?"

Kwa hivyo sukari ambayo chifu alikuwa anamwomba mzungu kila siku saa saba ilikuwa tayari ndani ya uji, na ilinunuliwa na mafuta ya mzungu. Nimewaza hii kitu wiki nzima.

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikamwambia akko, huo mkebe ni historia, ukienda Nairobi utakaa kwa kioo cha mtu, hakuna atakayejua chifu wala mzungu. Akaniambia historia iko kwa kichwa cha mamangu na wajomba, niende niwaulize kabla wasahau, niache kuuliza bati. Shanga zitakaa kwa Kasuku. Halafu akaniambia nimwandikie yule kijana elfu nane ni kidogo, aongeze ziwe kumi, na nauli ya kuutuma ni juu yake.

Nimefuta lile jibu refu nikatuma hilo. Jana nimerekodi mjomba mkubwa kwa simu, dakika 22, na bado anaweza ile sauti ya chifu. Mkebe uko hapa mezani naandika nikiuangalia. Msee amesoma meseji tangu saa nne asubuhi na hajajibu, na akko amenipigia mara mbili kuuliza.